Jiwe la kusagia na mfupa wa Ishango

Mtu akitoka Bunia akashika njia ya Komanda, kisha akakata kusini kuelekea Beni, atafika karibu na mlima Hoyo, katika teritware ya Irumu. Mlima ule una mapango mengi, na moja linaitwa Matupi. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Francis Van Noten alichimba humo akakuta vipande vingi vidogo vya kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo wachimba zahabu wetu wanalijua vizuri, vilivyokatwa na mikono ya watu kuwa visu na vikwaruzio. Vya chini kabisa vina zaidi ya miaka 40,000. Mifupa ya wanyama iliyokuwa humo ilionyesha pia kwamba zamani hizo majani marefu yalikuwa karibu na pango. Pori tunalolidhani halina mwanzo lilikuwa limerudi mbali.

Kupeleka kalasi nzima huko leo hatuthubutu. Kila mama wa Bunia anajua sababu. Basi sisi walimu pamoja na wamama wa chama tuliamua kupanga vitu juu ya meza katika kalasi moja la shule yetu, wazazi na majirani wakaribishwe kuona.

Fundi seremala alituchongea kijiti cha sentimita 10 hivi kwa mfano wa mfupa wa Ishango. Mfupa wenyewe uko Bruseli, katika makumbusho ya elimu ya viumbe. Jean de Heinzelin aliuchimba mwaka 1950 pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edward, na una miaka karibu 20,000. Tulikata alama zake kwa mistari mitatu. Watoto wa mwaka wa nne walihesabu mstari mmoja: 11, 13, 17, 19. Mwingine: 11, 21, 19, 9. Wakajumlisha, kila mstari ukatoa 60, na kelele ikaanza. Ilikuwa hesabu ya nini? Ya mwezi? Ya deni? Wataalamu wenyewe bado wanabishana, kwa hiyo mtoto aliyesema ni mama aliyekuwa akihesabu siku za mimba hatukumsahihisha.

Semliki ni mto wetu vilevile. Unashuka mpaka ziwa Albert, ziwa linalotuletea samaki kupitia Kasenyi. Katika bonde lake, pale Katanda, walikutwa vichwa vya mikuki vya mfupa vyenye meno, pamoja na mifupa ya kambale wakubwa, na wachimbaji wanakadiria umri wake kuwa miaka 90,000 hivi. Mama mmoja muuza samaki alisikiliza habari hiyo, akauliza kama walikuwa wanawakausha kwa moshi. Ni swali zuri kuliko mengi tuliyoulizwa chuoni.

Lakini kilichojaza meza ni vitu vya wamama wenyewe. Nyungu, vikapu, jembe lililolika likabaki kama kijiko. Na jiwe la kusagia, dogo, lile la juu linaloshikwa kwa mkono. Mwenyewe alikimbia nalo kutoka teritware ya Djugu, limefungwa katika kitenge pamoja na nguo za mtoto. Jiwe la chini lilikuwa zito, likabaki nyuma ya nyumba.

Mchimba mambo ya kale, kabla ya kuokota kitu, anaandika kilikuwa wapi: shimo gani, kina gani, karibu na nini. Kitu kisicho na mahali kimepoteza nusu ya habari yake. Tulifuata kanuni hiyo. Kila mtoto aliandika karatasi ndogo: kitu gani, cha nani, kutoka kijiji gani, kilikuwa wapi ndani ya nyumba. Kabila halikuandikwa, tulikubaliana hivyo tangu mwanzo na hakuna aliyelalamika. Watoto waliozaliwa katika kambi walilazimika kuuliza nyumbani. Wengine walirudi na karatasi iliyojaa pande zote mbili: mwembe, kisima, mlango ulitazama wapi. Binti wa mwenye jiwe aliandika: «Jiwe la chini liko nyuma ya jiko, upande wa migomba.»

Jambo moja tunaomba. Ukilima shamba au mume wako akichimba zahabu, mkakuta jiwe lililochongwa au vigae vya nyungu, msivunje wala msiuze. Pimeni kina kwa mpini wa jembe, andikeni mahali, mje kutuambia.

Meza inabaki mpaka Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri. Tunahitaji bado mtu mwenye mtego wa zamani wa samaki, na bibi mmoja anayeweza kufinyanga nyungu mbele ya watoto. Udongo tutauleta sisi.