Nani Mkubwa wa Dunia?

Jumamosi moja, baada ya mafundisho ya Kipaimara, vijana wetu wa Bengamisa walibaki chini ya mwembe wakibishana. Walikuwa wamesoma katika simu habari za mashindano ya Marekani na China: nani ana mashine zenye akili zaidi, nani ataongoza dunia. Wengine walishangilia Marekani, wengine China, kama watu wanaotazama mpira. Sisi tulikusanya vitabu vyetu huku tunacheka.

Lakini kijana mmoja, hodari wa hesabu, akasema: “Mwalimu, mimi naacha shule. Nakwenda kuchimba almasi. Ya nini kujifunza fizikia? Wao wamekwisha kuijua.” Kicheko kikatuishia. Tukaketi nao tena.

Tuliwaambia kwamba mashindano haya si mageni kwetu. Bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 lilitengenezwa kwa urani iliyotoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, kule Katanga. Wazee walioichimba hawakuambiwa inakwenda kufanya kazi gani. Baada ya uhuru wa 1960, Wamarekani na Warusi walivutana juu ya nchi yetu. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa Ubelgiji walishuka kwa miavuli hapo Kisangani, ambayo wakati ule iliitwa Stanleyville, kutoka katika ndege za Marekani. Wale Simba waliokuwa wameushika mji walikuwa na marafiki wao upande wa pili. Kila upande ulisema unawaokoa watu. Weupe na weusi walikufa, na makaburi yakabaki kwetu.

Kisha tukaomba ile simu, tukawauliza: “Ndani ya betri hii mna nini?” Hakuna aliyejibu. Mna kobalti. Mwaka 2024, katika kila kilo 10 za kobalti zilizochimbwa duniani, zaidi ya 7 zilitoka Kongo, hasa Lualaba na Haut-Katanga. Huondoka ikiwa haijamalizika kusafishwa, na nyingi husafishwa China. Hurudi kwetu ikiwa betri, nasi tunainunua kwa bei ya mwenye ujuzi. Mwaka 2016 kampuni ya Marekani iliuza sehemu yake katika mgodi wa Tenke Fungurume kwa kampuni ya China. Desemba 2025 serikali yetu ilitia sahihi mapatano na Marekani, na madini yamo ndani yake. Basi wakubwa hupokezana mlangoni, na sisi wenye nyumba tunabishana nani kati yao ni hodari!

Hatukuwafundisha kuchukia Marekani wala China. Watu wale walisoma, wakafanya kazi. Tuwasifu kwa hilo. Lakini jiwe huuzwa mara moja, ujuzi huuzwa kila siku. Papa Fransisko alipofika Kinshasa mwaka 2023 aliwaambia wakubwa waache kuinyonya Afrika kama mgodi. Neno lile ni lao. La kwetu tunalijua kutoka Injili: mtumishi aliyeifukia talanta yake ardhini. Bwana wake hakumwuliza nani alikuwa mkubwa sokoni. Alimtaka hesabu ya talanta yake.

Hapo tuliliona kosa letu wenyewe. Miaka yote tumewazoeza vijana hawa kujibu maswali ya katekisimu, lakini hatukuwauliza hata mara moja watafanya nini na akili waliyopewa na Mungu. Wazazi nao, wanapokosa ada ya shule, huiona njia ya machimbo kuwa fupi. Twawaelewa, maana umaskini ni mzigo mzito. Lakini tusiwaache peke yao.

Tangu siku ile, kila Jumamosi baada ya mafundisho tunakaa nao saa moja kwa hesabu. Ubao ni mmoja, chaki ni chache. Yule kijana hakutuahidi neno. Hatujui kama atabaki. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja, na daftari lilikuwa mkononi.