Kinna, Ambako Nyasi Huwekwa Akiba

Msomaji, siku ukipenda kuiona Kinna, pitia Maua, mji wa miraa. Huko juu katika milima ya Nyambene utahitaji sweta. Kisha teremka kuelekea lango la Murera la Mbuga ya Wanyama ya Meru. Kabla mteremko haujaisha, sweta utakuwa umeivua. Mbele kidogo ndiyo Kinna, mji mdogo wa Waborana katika Kaunti ya Isiolo.

Simama kando ya mto utazame. Sehemu kubwa ya maji haya haikunyesha hapa, bali imeshuka kutoka kwenye baridi uliyoiacha nyuma. Hapa chini yanangojewa na wengi: ng'ombe, ngamia, mashamba, na wanyama wa porini. Mbuga ya Meru ilitangazwa mwaka 1966, na Hifadhi ya Bisanadi mwaka 1979. Kilimo nacho kiliwafaa watu waliopoteza mifugo katika vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967.

Je, nani anyimwe? Mkulima ana watoto wa kusomesha. Mtalii huleta fedha za kigeni. Nyama iliyo mezani kwako Jumapili hii huenda ni ya mfugaji.

Waborana wana utaratibu wa zamani uitwao dedha, yaani eneo la malisho lenye baraza lake la wazee. Mvua ikinyesha, wazee huagiza mifugo ipelekwe mbali na mto. Nyasi zilizo karibu na maji ya kudumu huachwa ziwe akiba ya kiangazi. Mfugaji mgeni naye hubisha hodi kwanza.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la wazee hawa limo kichwani, nalo lina hesabu ambayo wapangaji wa maendeleo husahau. Ua wa shamba mtoni huchukua ardhi kidogo tu, lakini hapo ndipo mlango wa maji. Ukifungwa, malisho mapana yaliyo nyuma yake hayafai kitu wakati wa ukame, na mifugo itaingia mbugani.

Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaziruhusu jamii kusajili ardhi yao na kuiwekea kanuni. Basi kanuni za dedha na ziandikwe, na njia za mifugo zichorwe kabla ya mashamba kupimwa.

Nawe ukiwapeleka watoto kuwaona simba wa Meru, wafikishe mtoni Kinna pia. Waambie wahesabu ni wangapi wanaokunywa hapo.