Mtutu mpya haufiki Goma

Kwenye nchi za wawindaji na wapiga shabaha, mtu akinunua bunduki mpya anaanza kwa kuuzoesha mtutu. Anapiga sasi moja, anapitisha kitambaa chenye mafuta ndani, anapiga tena, anasafisha tena. Mle ndani kuna mifereji ya kuzunguka inayofanya sasi liende moja kwa moja, na chuma kikitoka kiwandani bado kina makwaruzo. Wapo wanaosema kazi hiyo ni bure, lakini hakuna anayebisha kwamba mtutu usiotunzwa hupoteza shabaha.

Mzee mmoja wa Birere, askari wa zamani wa jeshi la Mobutu, alijifunzia bunduki kwenye FAL ya Wabelgiji. Jioni ilikuwa lazima kuifungua, kuipangusa na kuitia mafuta, kisha mkubwa anachungulia ndani ya mtutu akiuelekeza kwenye mwanga. Kijana jirani, ambaye familia yake ilikimbia kutoka Masisi, alimuuliza: "Muzee, na Kalashnikov inazoeshwa namna gani?" Mzee akacheka. Ile imepakwa kromu ndani ya mtutu. Iliundwa ipige hata kwenye matope, hata mikononi mwa mtu asiyejua kitu.

"Na ndiyo ubaya wake," akasema.

Hapa bunduki hufika zikiwa zimezoea tayari. Mwezi wa saba 1994, askari wa Rwanda walioshindwa vita walivuka mpaka kuingia Goma, na silaha walizonyang'anywa zikarundikana kando ya barabara. Zikaja vita za 1996, za 1998, za 2012. Mwezi wa kwanza 2025, mji ulipoingia mikononi mwa M23, askari waliacha bunduki na magwanda barabarani, na watoto wakawa wanayapita wakienda kutafuta maji.

Bunduki iliyopita mikono mingi namna hiyo, nani anajua inapiga wapi? Mtutu ukishalika kwa kutu na kwa kupiga mfululizo, sasi linayumba hewani. Linakwenda kwa asiyehusika. Na Goma nyumba nyingi ni za mbao, na kwenye kambi kama Bulengo na Kanyaruchinya watu waliishi chini ya shitingi. Mbao haizuii sasi, sembuse shitingi. Mama wa yule kijana alikuwa analaza watoto chini, kwenye mawe ya volkano, kila mara milio inapoanza.

Sasa wengi wamerudi mashambani. Mzee alimwambia kijana: ukikuta bunduki kwenye majani, usiivute kidude ili kujaribu. Hata bila magazini, sasi moja linaweza kuwa limebaki ndani. Na mtutu uliojaa udongo unaweza kupasukia usoni mwa anayepiga. Iache palepale, zuia watoto, mwambie mkubwa wa kijiji. Na chuma kingine chochote usichokitambua, usikipige hata jembe.