Frere Town, Mji wa Kengele

Mtu atokaye kisiwani Mombasa kwa daraja la Nyali, akishika njia ya Malindi, hufika punde penye njia panda ya Kengeleni. Makondakta hulitaja jina hilo kutwa kucha, lakini ni abiria wachache wainuao macho kuitazama kengele yenyewe, iliyo pale pale kando ya barabara.

Kengele hiyo ni ya Frere Town. Mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Serikali ya Uingereza, alifika kwa Seyyid Barghash wa Unguja, na mwaka huo huo mapatano yakatiwa sahihi, soko la watumwa likafungwa. Lakini watu waliookolewa na manowari kutoka katika majahazi wangepelekwa wapi? Wengi kwao kulikuwa mbali, nchi za Wayao, Wanyasa na Wamakua, na njia ya kurudia ndiyo ile ile ya wateka watu. Basi mwaka wa 1875 misheni ya C.M.S., chini ya Padre W. S. Price, ikawapatia makao huku Kisauni.

Waliomsaidia sana ni Waafrika waliokombolewa zamani na kulelewa Nasik, Bara Hindi, ambako walifunzwa uhunzi, useremala na ualimu. Hao husahauliwa upesi, wala si haki.

Ng'ambo ya maji, mabwana wa watumwa walimchukia jirani huyu mpya, maana watoro wao walikimbilia misheni. Yasimuliwa kwamba kengele ikilia wakati usio wa sala, kila mtu alijua kuna hatari.

Watu wa lugha nyingi hawakuweza kusemezana ila kwa Kiswahili, na watoto wao wakazaliwa nacho. Katika uzao huo alitoka James Mbotela, ambaye kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapishwa mwaka wa 1934.

Majirani waliwaita Wamisheni, jina la heshima kinywani mwa mmoja na la dharau kinywani mwa mwingine. Shamba lilikuwa mali ya misheni, si la waliolilima. Leo viwanja vya Kisauni vina bei kubwa na nyumba zimesongamana. Mgiriama akiulizwa kwao, hutaja kaya ya wazee wake. Mzee wa Frere Town akiulizwa, "Kwenu hasa ni wapi?" hujibu, "Hapa hapa," na muulizaji huuliza tena.