Bakuli la Jirani

Katika mwaka wetu wa kwanza Clarkston, mji mdogo ulio kando ya Atlanta katika jimbo la Georgia, Marekani, jirani yetu alituletea bakuli la mboga kila Jumapili alipotoka kanisani. Ni mama mtu mzima, Mmarekani mweusi, na watoto wetu walimwita Bibi tangu siku ya pili. Tulipokea bakuli kwa mikono miwili, tukashukuru, kisha mlango ulipofungwa tukaimwaga mboga ile.

Mboga yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Ni sukuma wiki, ile ile tuliyoinunua kwa mafungu sokoni Tanga. Lakini katika majimbo ya Kusini desturi ya wengi ni kuichemsha pamoja na kifundo cha mguu wa nguruwe kilichokaushwa kwa moshi. Tulinyamaza kwa kuona haya. Tulijiambia kwamba kumkatalia jirani ni utovu wa adabu, kumficha je? Hilo hatukujiuliza.

Aliyetufichua ni binti yetu wa miaka sita. Alimwambia Bibi pale pale mlangoni kwamba chakula chake huwa tunakitupa. Tukaeleza, kwa kukwamakwama, kuwa sisi ni Waislamu na nguruwe kwetu ni haramu. "Miezi saba!" alisema Bibi. "Si mngeniambia tu?" Akachukua bakuli lake akaondoka. Jumapili mbili hakuonekana.

Tukaenda sisi kumwomba radhi, tumebeba mafungu ya sukuma wiki na mabawa ya bata mzinga yaliyokaushwa kwa moshi, tuliyoyapata katika duka la nyama halali, tukamwomba aje atufundishe. Alitutazama kitambo, akasema dada yake naye aliacha nguruwe kwa ajili ya shinikizo la damu, na hutumia bata mzinga huyo huyo.

Alikuja na sufuria yake. Tukamwomba, safari hii bila kificho, tutumie ya kwetu. Majani aliyaosha mara tatu, maana mchanga hujificha katika mikunjo, akatoa vikonyo vigumu, akayakata mapana. Sisi huikata sukuma wiki nyembamba kama uzi na kuikaanga dakika chache ibaki kijani. Yeye alichemsha kwanza mabawa saa nzima pamoja na vitunguu maji, vitunguu saumu na pilipili, ndipo akatia majani, akayaacha kwa moto mdogo saa nyingine, mpaka yakalainika na kuwa na rangi ya zeituni. Mwishoni, siki kidogo. Mama zetu wangesema mboga imeharibika. Lakini mchuzi wake! Huko haumwagwi: hunywewa kikombeni au huchovewa mkate wa mahindi. Sisi tulichovea ugali, tukikumbuka agizo la Mtume (s.a.w.) kwa Abu Dharr la kuongeza maji katika mchuzi ili jirani naye apate.

Tukiwa mezani tulimsimulia habari za Bilali Muhammad, Mwislamu kutoka Afrika Magharibi aliyefanywa mtumwa katika kisiwa cha Sapelo, huko huko Georgia, akaacha maandishi ya Kiarabu kuhusu udhu na swala. "Kumbe si ninyi wa kwanza," alisema, akajiongezea mboga.

Alipoondoka tulimjazia bakuli lake. Jumapili iliyofuata alilirudisha likiwa na mboga, na binti yetu ndiye aliyekimbilia mlangoni kuuliza kama ndani mna nguruwe.