Alipofungua mlango wa kempa, akakuta wapangaji

Ukizama kwenye ukurasa wake wa Insta, kwenye zile picha za kiangazi, utasema huyu dada kaula. Picha ya kwanza yuko na kikombe cha chai, milima ya Rocky kwa mbele, nyuma yake mlango wa kempa uko wazi na kitanda kimetandikwa kanga. Ya pili, mumewe anachoma nyama. Laiki kibao, na komenti za "hongera shosti" ndio usiseme.

Kwa wasioijua, kempa ni gari lenye kitanda, jiko na friji humo humo ndani. Nyumba inayotembea. Dada na mumewe, Wabongo wanaoishi Aurora, jirani kabisa na Denver, walilinunua mtumba tena kwa mkopo. Jamaa ni nesi wa zamu za usiku, dada anahudumia wazee majumbani. Hawakulinunua kwa ajili ya picha tu. Mama mzazi wa dada, yuko Morogoro, alikuwa amepata viza na angetua Juni. Angemwona mjukuu wake kwa mara ya kwanza, halafu wote wangepanda kempa waende milimani.

Sasa, baridi ya Colorado haina mzaha. Ikifika Oktoba wengi hufunga kempa zao na kuziegesha mpaka theluji iishe. Wao walipeleka ya kwao kwenye yadi moja nje ya mji, nyasi pande zote. Siku ya kuifunga vilibaki viporo viwili. Chini ya sinki, pale bomba linapopenya sakafu, palikuwa na tundu la kuingia kidole. Dada akasema, "Baba Junior, ziba hapo." Jamaa ametoka zamu, macho mekundu, akajibu, "Nitarudi wiki ijayo." Naye akaona kabatini nusu paketi ya unga wa ugali na biskuti za mtoto. "Mama Junior, toa hivyo." Dada akasema, "Nimevifunga na mpira, viko poa."

Hakuna aliyerudi. Walichofanya ni kununua mtandaoni kile kidude cha betri kinachotoa sauti ya kufukuza panya, wakakiweka juu ya meza, wakalala usingizi. Kumbe vidude hivyo vina historia. Mwaka 2001 tume ya biashara ya serikali ya Marekani iliziandikia onyo kampuni zaidi ya 60 zilizokuwa zikivinadi, kwamba madai yao lazima yawe na ushahidi wa kisayansi.

Aprili dada akaenda peke yake, mume kalala. Akawasha simu arekodi video ya "njooni tuifungue wote". Video yenyewe haikuwahi kupostiwa.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mkojo. Sofa limetobolewa na sponji limetolewa nje kama pamba. Unga umemwagika mpaka sakafuni, vinyesi kila mahali. Kwenye droo ya vijiko kulikuwa na kiota, na kiota chenyewe kimetengenezwa kwa kanga. Ile kanga ya kwenye picha. Mama yake alimfunga nayo kiunoni siku anaondoka nyumbani.

Akalia kidogo. Halafu akafanya ambacho mwanamke yeyote wa Kibongo angefanya: akachukua fagio. Akafagia dakika kumi nzima, vumbi linapanda, ndipo akampigia mumewe simu ya video amwonyeshe hasara.

Jamaa hakuangalia sofa. "Weka fagio chini! Toka nje! Toka sasa hivi!"

Dada alidhani mume anafoka kwa sababu ya hasara. Kumbe nesi alikuwa ameona vumbi.

Huko magharibi mwa Marekani kuna panya mdogo wa porini, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe. Baadhi yao hubeba kirusi cha hanta. Huko kiligundulika mwaka 1993, baada ya watu waliokuwa wazima kufa ghafla kwenye eneo ambalo majimbo manne yanakutana, Colorado likiwa mojawapo. Kirusi kinakaa kwenye mkojo, kinyesi na mate ya panya. Ukifagia pakavu unakirusha hewani, na wewe unavuta. Ugonjwa wenyewe ni nadra, lakini wakifika hatua ya kubanwa kifua, zaidi ya mtu 1 kati ya 3 hufariki, na hakuna dawa maalumu ya kuutibu. Dalili zinaweza kuanza wiki 1 mpaka 8 baadaye: homa, uchovu, mapaja na mgongo kuuma.

Wiki 8. Mama angefika wiki ya saba.

Nyumba ikawa kimya. Kwanza walilaumiana, tundu dhidi ya unga, unga dhidi ya tundu. Halafu wakaacha hata kulaumiana, ambayo ni mbaya zaidi. Lakini kila asubuhi jamaa akirudi kazini, kabla hajavua viatu, alikaa ukingoni mwa kitanda akampima mkewe joto. Hasemi kitu. Anasoma namba, anaandika kwenye daftari, anaenda kulala.

Jumapili zao zikawa za kempa. Walifungua milango na madirisha, wakasimama nje dakika 30 hewa ipite. Wakavaa glovu. Jiki fungu 1 kwa maji mafungu 9, wakalowanisha kila kitu, wakasubiri dakika 5, wakafuta kwa karatasi na kuzitupa kwenye mfuko uliofungwa. Fagio halikuguswa tena. Sofa likatupwa. Fundi akabadilisha nyaya zilizotafunwa nyuma ya friji. Bima ikasema uharibifu wa panya haimo, maokoto ya miezi miwili yakaenda.

Kisha wakaziba. Usiku mmoja dada alijifungia ndani gizani, mume akazunguka nje na tochi. Kila palipopenya mwanga akabandika utepe. Walihesabu kumi na moja. Panya mdogo anapita kwenye upenyo wa milimita 6 hivi, unene wa penseli. Povu la kuziba peke yake analitafuna, kwa hiyo walishindilia kwanza stilwaya ya kusugulia masufuria, juu yake gundi ya kuziba. Kwenye matundu ya hewa wakaweka wavu wa waya. Sumu walikataa, maana panya akifia ndani ya ukuta utaijua harufu yake. Wakatega mitego ya kubana, na wakapanga zamu ya kuikagua kila baada ya wiki mbili.

Homa haikuja. Wiki ya saba mama akatua, akapokea shikamoo zake, akambeba mjukuu. Ilibidi aambiwe, maana aliiulizia kanga yake.

Mama akacheka mpaka akajifuta machozi. "Kwetu Morogoro panya wanaenda shule, wanafundishwa kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Hawa wenu wamekosa walimu." Kisha akanyamaza, akawatazama mmoja mmoja. "Na hilo tundu, nani alitakiwa aliangalie?"

"Mimi," wakajibu wote wawili, kwa pamoja.

Kimya kidogo. Halafu jamaa ndiye aliyeanza kucheka.

Milimani walienda, wiki ya tisa, daftari la joto likiwa limefungwa. Ile picha ya mama amekaa mlangoni mwa kempa, miguu inaning'inia, mmeiona na mkalaiki. Mliouliza kwenye komenti mbona kitandani safari hii kuna shuka tu, jibu ndilo hilo.

Haya wadau, usipoziba ufa utajenga ukuta, hilo tunalijua tangu darasa la pili. Ila tuambiane ukweli hapo chini: kwenu ni tundu gani ambalo kila mtu analiona na kila mtu anasema "wiki ijayo"?