Krabi, Lakini Krabi Ipi?

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, sisi wafanyabiashara wa nguo wa Kariakoo tuliokuwa tukifuata mzigo Bangkok hatukuwa na habari ya kutalii. Unafika, unashinda Pratunam na Bo Bae ukichagua, unafungasha, unamkabidhi mtu wa kago, unarudi nyumbani. Lakini mimi mzaliwa wa Tanga, na jiji lile lilinichosha haraka. Mwenzangu wa Mombasa, mzoefu wa njia zile, akaniambia, “Dadangu, panda basi uende Krabi. Kule wavuvi wengi ni Waislamu, chakula hakitakusumbua.” Nikapanda basi la usiku kuelekea kusini, safari ya saa kumi na mbili hivi. Sikuuliza nilale wapi. Wakati ule mtu wa kipato changu alilala mjini Krabi, basi.

Mji wenyewe hauna ufukwe. Umekaa ukingoni mwa mto wenye mikoko, na ng’ambo yake vimesimama vilima viwili vya mawe viitwavyo Khao Khanab Nam. Gesti zilikuwa juu ya maduka, feni ikizunguka usiku kucha. Boti za kwenda visiwa vya Phi Phi na Lanta ziliondokea gati la Chao Fah, na jioni wapishi walijipanga hapohapo gatini na mikokoteni yao: samaki wa kuchoma, chapati za kukunjwa na ndizi, wali wa kuku wa manjano ambao mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Asubuhi nilipanda pikapu nyeupe, songthaew, yenye mabenchi mawili ya kutazamana kama zile chai maharage za Dar es Salaam, nikaenda kilomita ishirini hivi mpaka ufukwe wa Ao Nang. Jioni nilirudi kulala mjini. Ao Nang palikuwa mahali pa kushinda.

Kilichogeuza mambo kwanza ni uwanja wa ndege, uliofunguliwa mwaka 1999. Polepole ndege za bei nafuu kutoka Bangkok ziliongezeka, na abiria wake wakawa wanapakiwa kwenye magari ya hoteli na kupelekwa Ao Nang moja kwa moja. Baadaye boti kubwa nazo zilihamia gati la Klong Jilad, nje kidogo ya mji. Mji ukabaki na ofisi zake, soko lake na wenyeji wake.

Katikati ya mabadiliko hayo likaja wimbi la tarehe 26 Desemba 2004. Phi Phi, ambayo wageni wengi hudhani ni ya Phuket, iko mkoa wa Krabi. Kijiji chake kikuu kimekaa kwenye ukanda mwembamba wa mchanga kati ya milima miwili, na maji yaliingia kutoka pande zote mbili. Mamia ya watu walikufa. Bahari ni hiyohiyo moja: siku ileile wimbi lilivuka mpaka kwetu na kuua watu hata Dar es Salaam. Niliporudi Krabi nilikuta vibao vya mishale barabarani vikionyesha njia ya kukimbilia mlimani. Wageni waliokuwa wakiomba chumba cha chini karibu na mchanga walianza kuuliza ghorofa, na kama kuna njia ya kupanda nyuma ya hoteli. Nami tangu hapo silipii chumba kabla ya kujua kilima kiko upande gani.

Watoto walipokua tukaanza kwenda kama familia, na hapo Ao Nang ikapata maana. Msikiti uko kando ya barabara kuu, vyakula vya halali havitafutwi, duka la dawa liko jirani, na gari linapatikana saa yoyote. Kama theluthi ya watu wa mkoa huu ni Waislamu, na kwa familia yetu hilo liliondoa nusu ya usumbufu wa safari. Ubaya wake ni kwamba ufukwe wa Ao Nang ni kituo cha boti. Mashua zenye injini za mkia mrefu hunguruma tangu asubuhi zikipakia watu wa Railay na visiwani. Wanaotaka watoto wacheze kwa nafasi husogea Nopparat Thara, jirani tu, ambako maji yakitoka unatembea juu ya mchanga mpaka kwenye visiwa vidogo vya mbele.

Railay tulilala mimi na mume wangu peke yetu, na naona ndivyo inavyofaa. Iko bara, lakini majabali yameizunguka, barabara haifiki. Huingii ila kwa boti. Upande wa magharibi ni mchanga mweupe, wa mashariki ni mikoko na tope. Maji yakitoka, mashua haifiki pwani: unashuka majini na kutembea, sanduku kichwani. Mtu aliyekulia Tanga anajua bamvua na maji mafu, hashangai. Nilimwona mzee wa Kizungu, fimbo mkononi, akibebwa na vijana wawili kutoka kwenye mashua. Hoteli yake nzuri ilikuwa pale mbele, lakini hakuna aliyemwambia habari za maji.

Tena kuna majira. Kusi yetu ikishavuka ikweta hugeuka na kuvuma kutoka kusini-magharibi, ikibeba mvua mpaka bahari ya Andaman. Kwa hiyo kuanzia Mei mpaka Oktoba fukwe zote zinazotazama magharibi huwa na mawimbi, na bei hushuka. Katika miezi hiyo mjini ndiko kwenye raha kuliko ufukweni: mto hautikisiki, soko halifungwi, na hekalu la Wat Tham Suea, lenye ngazi zaidi ya 1,200, halidai bahari tulivu.

Mama alipotaka naye aone nilikokuwa nikipotelea, nilimpeleka Lanta. Zamani kufika kule kulihitaji vivuko viwili. Tangu daraja la kuunganisha visiwa vya Lanta Noi na Lanta Yai lilipofunguliwa mwaka 2016, kimebaki kimoja. Tulilala Klong Dao, ambako ufukwe ni tambarare na kina cha maji hakiongezeki ghafla. Mchana tulivuka upande wa mashariki mpaka mji wa kale, wenye nyumba za mbao zilizosimama kwenye nguzo juu ya maji, ambako Waislamu, Wachina na watu wa bahari, Urak Lawoi, wameishi pamoja vizazi na vizazi. Mama alikaa kibarazani, akanywa chai yake, akasema, “Mwanangu, hapa pana adabu. Kule Ao Nang watu wanaingia dukani uchi.” Hakutaka tena kurudi Ao Nang.

Leo watu wanachagua kwa picha za simuni. Picha zilijaza Maya, ile ghuba ya Phi Phi iliyotumika kwenye filamu, mpaka serikali ikaifunga mwaka 2018 ili matumbawe yapumue. Ilifunguliwa tena Januari 2022, na boti haziruhusiwi kuingia ghubani. Wafanyabiashara wenzangu hunitumia picha ya bwawa la kuogelea wakiuliza, “Dada, hii Krabi ni nzuri?” Hoteli yenyewe iko ufukwe wa Klong Muang, kimya kabisa na mbali na soko, nao wanataka pilikapilika za usiku. Jina la mkoa halisemi kitu.

Kwa hiyo ninayemshauri simwulizi anapenda nini. Namwuliza anakwenda mwezi gani, na nani, na kama aliye naye anaweza kushuka kwenye mashua maji yakiwa magotini. Mwenye watoto wadogo alale Ao Nang au Nopparat Thara. Mwenye mzazi aende Lanta kati ya Novemba na Aprili. Maharusi waende Railay, wakiwa wameuliza saa ya maji kujaa. Mwenye fedha kidogo, au anayesafiri wakati wa mvua, alale mjini. Uliza hayo kwanza, chumba ulipie baadaye.